Kompyuta Iliyotakiwa Kutia Sahihi: Uchambuzi wa Kisa cha Neno "Ordenador"

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kilitokea katika kazi ya kutafsiri kutoka Kihispania kwenda Kiswahili. Nimekiandika kwa ajili ya wafasiri wanaoanza na walimu wanaowafundisha. Jina la shirika, la chuo na ya watu wote nimeyaondoa, na sentensi za hati nimezifupisha ili isitambulike. Maneno yaliyozua tatizo nimeyaacha kama yalivyokuwa. Mhariri anayetajwa humu ni mimi.

Usuli

Shirika moja la misaada la Hispania liliingia ubia na chuo cha ufundi nchini Tanzania. Chuo kingepata kompyuta za maabara, vifaa vya karakana, vifaa vya shamba lake la mifugo, na fedha za uendeshaji zitakazotolewa kwa awamu. Hati zilikuja zimeunganishwa pamoja: makubaliano, kiambatisho cha vifaa, na kiambatisho cha taratibu za fedha. Zote kwa Kihispania. Chuo kiliomba tafsiri ya Kiswahili kwa sababu bodi yake ina wajumbe wanaotoka vijiji vya jirani, na hao ndio wangepiga kura ya kukubali au kukataa. Hilo lilinifurahisha tangu mwanzo. Ni mara chache mkataba wa mamilioni unasomwa na wanakijiji kwa lugha wanayoielewa.

Tulikuwa watatu. Kijana wetu alijifunza Kihispania kwa kuongoza watalii wa Hispania katika mbuga za kaskazini. Ana sikio zuri na anakijua pia Kiingereza vizuri. Dada mmoja alisoma shahada yake Cuba, akarudi na Kihispania cha huko. Mimi nilikuwa mhariri na mwenye kauli ya mwisho.

Siku ya kwanza kabisa neno "ordenador" lilituletea mjadala. Dada alisema miaka yote aliyokaa Cuba hakuwahi kulitumia. Huko kompyuta ni "computadora". Kijana akasema wageni wake wote kutoka Madrid na Barcelona husema "ordenador", na wakisikia "computadora" wanajua msemaji ana asili ya ng'ambo ya bahari. Wote wawili walikuwa sahihi. Tukakubaliana haraka: "ordenador" ni kompyuta, tuliandike hivyo kwenye faharasa ya kazi, yaani orodha yetu ya maneno na tafsiri zake, tuendelee. Wakenya wangesema tarakilishi, lakini wasomaji wetu walikuwa Watanzania.

Hapo ndipo kosa lilipopandwa, ingawa siku ile lilionekana uamuzi wa kawaida kabisa.

Neno lilikotoka

Lazima nikae hapa kidogo, kwa sababu bila nasaba ya neno hili kisa chote hakieleweki.

"Ordenador" lilifika Hispania kupitia Ufaransa. Mwaka 1955 kampuni ya IBM nchini Ufaransa ilikuwa inatafuta jina la Kifaransa kwa mashine yake mpya. Neno lililokuwapo lilimaanisha mashine ya kukokotoa, nalo lilionekana finyu kwa chombo kinachofanya zaidi ya kupiga hesabu. Wakamwandikia Jacques Perret, profesa wa Kilatini katika chuo kikuu cha Paris. Alijibu kwa barua ya tarehe 16 Aprili 1955 akipendekeza "ordinateur". Alieleza kwamba neno hilo limeundwa kwa kanuni, na kwamba limo katika kamusi ya Littré kama sifa ya Mungu, Yule anayeutia ulimwengu mpangilio. Aligusia pia kwamba neno la jirani, "ordination", ni la kanisani, la kuwapa watu daraja takatifu, ila akaona nyanja hizo mbili ziko mbali kiasi kwamba hazitagongana. Kampuni ilianza kwa kulishika jina hilo kama mali yake, lakini halikuchukua muda likawa la watu wote. Hispania ikalichukua na kulivalisha vazi lake: "ordenador". Amerika ya Kihispania ikabaki upande wa pili, na "computadora" au "computador" kutegemea nchi.

Kwa hiyo Kihispania kina majina mawili ya chombo kimoja, na yote mawili yamezaliwa na Kilatini.

Tuanze na lile la Amerika. "Computare" ni kuhesabu kwa kujumlisha pamoja, na ndani yake mna "putare", ambalo kwa Warumi lilikuwa kupogoa mti, kusafisha, kunyoosha hesabu, na hatimaye kufikiri. Kihispania bado kinapogoa mizabibu kwa neno hilo: "podar". Kiingereza kinakata mguu uliooza kwa neno hilo hilo: "amputate". Na "computare", baada ya kusuguliwa karne nyingi midomoni mwa watu, likawa "contar" kwa Kihispania, "compter" kwa Kifaransa na "count" kwa Kiingereza, kisha wasomi wakalirudia Kilatini chenyewe na kuchota "compute". Kutoka kwenye familia hii Kiswahili kimepokea kompyuta, akaunti na kaunta, ndugu watatu wa tumbo moja ambao mtu huwakuta wote benki asubuhi moja bila kujua kuwa ni ndugu. Ila "kaunti" ya Kenya si wa ukoo huu. Hiyo inatoka kwa "comes", mwandani wa mfalme, na kufanana kwake na kaunta ni kwa sura tu.

Sasa lile la Hispania. "Ordo" ni safu, mstari, mpangilio. Wanaisimu hulihusisha na "ordiri", kuanza kufuma, yaani kutanda nyuzi za mtande kwenye kitanda cha mfumi kabla mshindio, uzi wa kukatisha, haujapita. Kihispania kimelihifadhi tendo hilo katika "urdir", na Kiingereza kinalo katika "primordial", kitu kilichokuwapo tangu uzi wa kwanza. Mimi nilipoliona hili mara ya kwanza niliduwaa, kwa sababu Kiswahili kilipotafuta neno la mambo yaliyopangwa yakashikana, nacho kilikwenda kwenye kitanda cha mfumi: mfumo, kutokana na kufuma. Watu wa mbali mno, bila kuambiana, wamelitazama pazia moja la nyuzi wakaona humo mfano wa kila kitu kilichopangika.

Kutoka "ordo" kukaja kitenzi "ordinare", kuweka kwenye safu. Lakini anayeweza kuwaweka watu kwenye safu ni yule mwenye mamlaka juu yao, basi kitenzi kikazaa maana ya pili: kuamuru. Na kanisani kikazaa ya tatu: kumpa mtu daraja. Kiingereza kimegawa maana hizi kwa watoto wengi: "order" limebeba mpangilio na amri pamoja, "ordain" limebaki na padri na majaliwa, "ordinary" ni kile kilicho kwenye safu ya kawaida, "ordinal" ni namba za safu (wa kwanza, wa pili), na "coordinate" na "subordinate" ni kupanga pamoja na kupanga chini. Kuna mapacha wa ajabu pia, "ordinance" na "ordnance". Lilikuwa neno moja, likapasuka: lenye herufi i likawa sheria ndogo, lisilo nayo likawa mizinga na risasi. Kiswahili nacho kimeokota kimoja: oda. Mtu akiweka oda ya chipsi mjini, ameshika ncha ya uzi huo huo.

Kihispania kimefanya jambo la kistadi zaidi. Kimelitenga neno moja kwa jinsia. "El orden", la kiume, ni mpangilio. "La orden", la kike, ni amri. Herufi haibadiliki hata moja, kibainishi tu ndicho kinachosema ni lipi. Anayekisoma Kihispania asipojali vibainishi hivi atachanganya utulivu na agizo.

Mwisho wa yote, kiambishi. "-dor" ya Kihispania ni "-tor" ya Kilatini, mtenda jambo. Haisemi kama mtenda ni mtu au ni kitu. "Lector" ni msomaji, na pia ni kifaa cha kusoma kadi. "Contador" ni mhasibu katika nchi nyingi za Amerika, na pia ni mita ya umeme ukutani. "Ordenador" vivyo hivyo.

Mtiririko wa matukio

Kijana alipewa kiambatisho cha fedha. Humo alikutana na sentensi hii: "El pago requiere la firma del ordenador y del contable." Alisita. Faharasa ilisema kompyuta, lakini moyo wake ulikataa, maana alijua Kiingereza "order" ni amri. Akaandika: "Malipo yanahitaji sahihi ya mtoa amri ya malipo na ya mhasibu." Kandokando akaweka alama ya kuuliza.

Dada alikuwa anamalizia kiambatisho cha vifaa, ambako "ordenador" lilikuwa kila mahali: kompyuta za mezani, kompyuta mpakato, meza za kompyuta. Hakukuwa na utata wowote.

Hati ziliponifikia mimi niliziendesha kwenye programu ya kusaidia tafsiri, ile inayolinganisha kila neno na faharasa na kupiga kelele panapotofautiana. Ikapiga kelele kwenye kiambatisho cha fedha, mara tisa. Niliona "mtoa amri" hapa na "kompyuta" kule, kwa neno moja la Kihispania, katika hati moja ya kisheria. Nilifundishwa, na mimi mwenyewe nafundisha, kwamba hati ya kisheria haibadilishi istilahi njiani. Nikairudisha kompyuta kote. Alama ya kuuliza ya kijana niliiona. Nikaifuta.

Sentensi ikawa: "Malipo yanahitaji sahihi ya kompyuta na ya mhasibu." Ya pili: "Kompyuta inaweza kukasimu madaraka yake kwa maandishi." Ukizisoma hivi, zimetengwa, unashangaa ilikuwaje zipite. Nitarudi hapo.

Rasimu ilikwenda chuoni. Baada ya siku kadhaa mhasibu wa chuo alinipigia simu. Hakulalamika. Aliuliza kwa heshima: "Mama, huo mfumo wa kutia sahihi, shirika linaleta lenyewe au tununue sisi? Nimeshaomba bei kwa watu wawili." Alikuwa ameielewa kompyuta inayotia sahihi kuwa ni mfumo wa malipo wenye sahihi ya kielektroniki. Na hiyo ya kukasimu madaraka aliielewa kuwa ni kuruhusu mfumo ulipe wenyewe kiasi kidogo bila mtu kuidhinisha. Bodi ilikuwa imeanza kuijadili, na mzee mmoja alikuwa amepinga kwa nguvu zote: hakubali fedha za kijiji zitolewe na mashine.

Niliufungua ukurasa wa Kihispania huku simu ikiwa bado sikioni. Niliona kuna kitu hakijakaa sawa, lakini sikujua ni nini. Nilimwomba anipe muda.

Jioni ile nilimpelekea kipande hicho mfasiri mwenzetu, mzee mzaliwa wa Lubumbashi, anayefanya kazi za Kifaransa. Kihispania hakijui sana. Nyumbani kwao watu huita kompyuta kwa neno la Kifaransa, "ordinateur", wakilitamka kwa ulimi wao, kwa hiyo nilitegemea atanithibitishia kuwa ni kompyuta. Aliisoma sentensi mara moja, kwa sauti, akasimama kwenye "contable". Akasema: "Hii haiko mashini, mama. Ni muntu."

Akanieleza. Katika Kifaransa kuna maneno mawili, "ordinateur" na "ordonnateur". La kwanza ni chombo. La pili ni ofisa anayeamuru malipo yafanyike. Na katika fedha za umma za nchi zinazofuata taratibu za Kifaransa kuna kanuni kubwa: "ordonnateur" na "comptable" wasiwe mtu mmoja. Anayeamuru fedha itoke hashiki fedha, na anayeshika fedha haamuru itoke. Alipoliona "ordenador" limekaa bega kwa bega na "contable", alijua hapo hapo kwamba ni wale wawili wa siku zote. Kihispania kimeyaweka maneno yote mawili ya Kifaransa katika umbo moja. "Ordenador de pagos" ni mtu.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kumpigia mhasibu usiku ule ule, kabla hatujapata neno mbadala. Wenzangu walitaka tusubiri hadi tuwe na marekebisho kamili mkononi, tusionekane tunatapatapa. Nilikataa kwa sababu moja: alikuwa ameshaomba bei. Kila saa tuliyokaa kimya ilikuwa fedha ya mtu mwingine.

Uamuzi wa pili, wa istilahi, ulituchukua siku nzima. "Mtoa amri ya malipo" la kijana lilikuwa sahihi kwa maana, lakini kwa msomaji wa Kiswahili linanusa jeshi. Dada alipendekeza "Afisa Masuuli", neno linalojulikana serikalini Tanzania kwa yule anayewajibika kwa fedha za fungu lake. Lilinivutia sana. Tatizo ni kwamba hilo ni cheo kilichowekwa na sheria za fedha za umma, lina uzito wake na majukumu yake, na ubia wa chuo na shirika la nje haukuwa na mamlaka ya kumteua mtu kwa cheo hicho. Na kuna mtego mwingine humo. Kiingereza cha nchi zilizotawaliwa na Uingereza humwita Afisa Masuuli "accounting officer", jina lililotoka kwenye ukoo wa "computare", wakati kazi yake iko karibu zaidi na ya "ordenador" kuliko ya "contable". Anayefuata Kiingereza peke yake atawageuza: mhasibu awe mwidhinishaji, mwidhinishaji awe mhasibu. Tukachagua "mwidhinishaji wa malipo". Ni refu kidogo, lakini mjumbe wa kijiji akilisikia anajua ni nani: yule anayesema "lipa".

Uamuzi wa tatu ulikuwa kupitia kila "ordenador" upya, moja moja, kwa jicho badala ya programu. Dada aliona ni kupoteza muda kwenye kiambatisho cha vifaa, ambako zote zilikuwa kompyuta. Nilimwomba avumilie.

Na huko huko ndiko alikokuta kingine. Kwenye vifaa vya shamba la mifugo, kati ya ndoo za chuma na matangi ya kupozea maziwa, kulikuwa na "ordenadora", la kike, mbili. Tulikuwa tumeandika "kompyuta 2". Dada alilitazama, akasema Kihispania hakiiti kompyuta hivyo popote, Cuba wala Hispania. Tukaomba faili la asili. Neno lilikuwa "ordeñadora", na kile kiwimbi juu ya n kilikuwa kimepotea faili lilipobadilishwa muundo. "Ordeñadora" ni mashine ya kukamulia maziwa.

Inafaa mtu aliangalie hili kwa karibu. "Ordeñar", kukamua, kamusi ya Chuo cha Lugha cha Hispania inalitoa katika Kilatini cha mitaani, "ordiniare", kuweka sawa, nalo ni mtoto wa "ordo". Kwa hiyo kompyuta, anayeidhinisha malipo, na mashine ya kukamua ng'ombe, wote watatu wametoka kwenye nyuzi za mtande za yule mfumi wa Kirumi. Kiwimbi kilichopotea nacho kina historia: waandishi wa zamani walipobana nafasi kwenye ngozi waliandika n mbili kama moja yenye mstari juu. Mstari mdogo wa kubania nafasi ndio uliokaribia kuwanyima ng'ombe wetu mashine zao.

Matokeo

Tafsiri iliyosahihishwa ilipelekwa chuoni pamoja na barua ya kurasa 2 iliyoeleza kosa, lilikotokea, na ni vifungu vipi vimebadilika. Gharama ya kuchapa upya tuliibeba sisi. Utiaji saini ulisogezwa kwa wiki mbili.

Mhasibu alizifuta zile bei alizoomba. Hakuwa amelipa kitu. Bodi ilipitisha makubaliano, na yule mzee aliyepinga mashine kutoa fedha alitaka jambo moja liongezwe kwenye kumbukumbu za kikao: mwidhinishaji na mhasibu wasiwe watu wa nyumba moja. Kihispania hakikusema hivyo. Lakini ndiyo roho ya kanuni ile ile ambayo mzee wa Lubumbashi alinieleza, na yeye aliifikia bila Kifaransa, bila Kilatini, kwa kuwa alielewa kilichoandikwa.

Shirika halikutupa kazi nyingine. Hawakusema kwa nini, na sikuwauliza.

Tulifungua pia kazi za nyuma. Katika waraka mmoja wa mteja mwingine, uliokwisha kabidhiwa miezi kadhaa kabla, tulikuta "ordenador" moja iliyokuwa mtu. Tulimwandikia mteja.

Uchambuzi

Watu niliowasimulia kisa hiki huanza na swali moja: ilikuwaje sentensi "sahihi ya kompyuta" ipite mikononi mwa watu watatu? Nami nimejiuliza sana. Jibu ni kwamba zama zimeifanya isomeke. Miaka ya 1980 msomaji yeyote angesimama hapo. Leo tunalipa karo kwa simu, mishahara inapita kwenye mfumo, na sahihi za kielektroniki ni jambo la kila siku. Kosa la tafsiri lililo hatari ni lile linaloleta maana. Mhasibu, mtu makini, alilijengea maelezo kamili, yenye mantiki, na akaanza kuyatekeleza.

Faharasa ililaumiwa na wenzangu. Mimi naona faharasa haikukosea, nilikosea mimi niliyeiandika kana kwamba neno moja la Kihispania lina mwenzake mmoja tu wa Kiswahili. Tungeandika mistari miwili, "ordenador (chombo)" na "ordenador de pagos (mtu)", programu ingekuwa msaada. Tulipoandika mmoja, ile ile programu iligeuka kuwa ya kueneza kosa, tena mara tisa kwa mpigo, na kwa usawa ule unaompa mhariri amani ya uongo. Kanuni ya kutobadilisha istilahi inalinda dhana. Mimi niliilinda herufi.

Lililoniuma zaidi ni ile alama ya kuuliza. Kijana alikuwa amefika. Hakujua neno, lakini alijua ukoo: alikumbuka kwamba katika Kiingereza "order" kuna amri, akahisi kuwa hapa kuna mtu anayeamuru. Ndugu wa Kiingereza alimsaidia hadi nusu ya njia, ambako ndugu wa namna hii huishia. "Order" lilimwonyesha maana ya amri. Halikumwonyesha kwamba ni cheo cha fedha. Nusu ya pili ya njia aliikamilisha mzee wa Lubumbashi kwa ndugu wa Kifaransa. Nilichopaswa kufanya kama mhariri kilikuwa kuilea ile nusu. Siku hizi katika kazi zetu alama ya kuuliza ya mfasiri haifutwi na mhariri peke yake. Inafutwa na wawili wakiwa wameketi pamoja.

Nasaba ya Kilatini ilitusaidia, na ingeweza kutupoteza. Anayejua tu kwamba "ordo" ni mpangilio angetafsiri "mpangaji wa malipo", na bodi ingeelewa mtu anayepanga ratiba ya kulipa, karani fulani hivi, wakati hati inazungumzia mwenye mamlaka ya kusema ndiyo au hapana. Mzizi unasaidia ukifuatwa hadi matawi yote: mpangilio, amri, daraja, na ndiyo, hata kukamua. Kisha hati yenyewe ndiyo inayochagua tawi. Kilichochagua hapa kilikuwa jirani wa neno, "contable". Neno hilo lilikuwa palepale kwenye sentensi. Sote tuliliona na sote tulilitafsiri sawasawa, mhasibu, bila kujiuliza kwa nini mhasibu ametajwa pamoja na kompyuta kama wenzi wawili wa hadhi moja.

Na kuna silaha ambayo Kiswahili kilikuwa kimetupa mkononi tangu mwanzo nasi hatukuitumia. Kihispania kinaweza kusema "-dor" na kukaa kimya kuhusu mtu au kitu. Kiingereza nacho kilikaa kimya hivyo kwa muda mrefu: "computer" limeonekana katika maandishi tangu 1613 likimaanisha mtu anayekokotoa, na hadi katikati ya karne ya 20 lilikuwa jina la kazi, wakiwemo wanawake waliopigia hesabu wanaastronomia katika chuo kikuu cha Harvard. Kiswahili hakiwezi kukaa kimya. Kabla hujatamka shina lazima uchague kiambishi: mkokotoaji ni mtu, kikokotoo ni chombo. Mwidhinishaji atia sahihi, kompyuta inatia. Lugha inakuuliza swali ambalo Kihispania hakikuulizwa, na inakuuliza katika kila kitenzi cha sentensi. Tulilijibu bila kujua kwamba tumeulizwa.

Kwa hiyo zoezi ninalowapa wanafunzi sasa ni hili. Nawapa sentensi kumi za Kihispania zenye maneno ya "-dor" au "-tor": lector, contador, ordenador, operador, regulador. Siwaruhusu kufungua kamusi kwanza. Kwa kila sentensi wanaandika herufi moja tu pembeni, M au K, mtu au kitu, na neno lingine lililomo ndani ya sentensi hiyo hiyo lililowafanya waamue. Wengi hupata nane. "El contador leyó el contador", mhasibu alisoma mita, huwachukua muda mrefu kuliko zote, na humo darasani huwa kimya kabisa hadi mmoja anyooshe mkono na kusema kwamba la kwanza linasoma na la pili linasomwa.